Jina Moja la Ndiva

Kaeni. Aliyechoka akae vizuri zaidi, maana hadithi hii ni ya watu waliochoka, na mchovu huielewa kabla haijafika katikati. Msinijibu sasa. Nitawauliza mwishoni, na nitakayemuuliza asiniambie alikuwa anasinzia.

Katika kijiji cha Lembondo, juu milimani Upareni, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Fundi Senkondo alijua mawe. Alilitazama jiwe mara moja tu, akajua uso wake uko wapi na kisogo kiko wapi, na akishaliweka halikuhitaji kuinuliwa tena. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na aliongea na mawe kuliko alivyoongea na watu.

Namkunda alijua udongo. Alikuwa mfinyanzi. Aliutia udongo kidogo kati ya meno ya mbele, akauma: ukikwaruza una mchanga, ukiteleza unafaa. Hakuwahi kukosea, ingawa vyungu vyake vilikuwa vigumu kuuzika, na sababu yake nitawaambia.

Bibi Nakijwa alijua kutilia shaka. Msicheke, hicho nacho ni kipaji. Yai alilitikisa, chumvi aliionja, kitanda alikibonyeza kwanza kwa mkono ndipo akalala. Watu walisema ukimwamkia Bibi Nakijwa, hutazama jua kwanza ahakikishe kumekucha.

Sasa, ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa la mlimani lenye ukuta wa mawe na udongo upande wa mteremko. Kijito hulijaza usiku kucha, na asubuhi kizibo huchomolewa chini ya ukuta, maji yakashuka kwa mifereji hadi mashambani. Ndiva huitwa kwa jina la mtu. Nyumba ya mwenye jina ndiyo hutunza kizibo, kufunga na kufungua, na shamba lake hupata maji ya kwanza. Lembondo walikuwa na sharti moja zaidi: jina liwe moja tu. Majina mawili, walisema, huleta ugomvi. Zaidi ya hapo hakuna aliyeeleza.

Miaka thelathini na sita nyuma walikuwa na ndiva pale pale, na aliyeijenga ni Mavura, babu yake Namkunda. Ilidumu msimu mmoja. Asubuhi moja ukuta ulipasuka, maji yakauramba mteremko mzima. Hakufa mtu, lakini mahindi yalilala chini yote, na mwaka ule Lembondo walikula mizizi ya migomba. Mavura alifariki miaka miwili baadaye. Jina lake halikufariki. Kiti kikivunjika, watu walisema ni kiti cha Mavura. Mchumba akitoroka, ilikuwa ahadi ya Mavura. Nazi iliyooza, daraja linaloyumba, jino linalotikisika, vyote vya Mavura. Watoto waliozaliwa juzi walilitumia neno hilo bila kujua kwamba liliwahi kuwa mtu, aliyependa ugoro na aliyembeba mjukuu wake mabegani kwenda kuangalia maji.

Mjukuu huyo ndiye Namkunda. Alikuwa na miaka saba ukuta ulipopasuka, sasa ana arobaini na mitatu. Alikuwa ameyasikia maneno hayo sokoni, kanisani, msibani. Mteja aliinua chungu chake, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri kabisa, kisha mtu wa pembeni akasema, "Usije ukawa umeshika cha Mavura kweli, shoga," wakacheka, chungu kikarudishwa chini. Hakugombana nao tena. Kugombana kunahitaji nguvu, na nguvu zake alizihitaji kwa kubeba kuni. Kilichomkata maini ni siku binti yake Kajiru alipokwenda zahanati, akaulizwa jina la ukoo wa mama yake, akataja la jirani.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Pale palikuwa na watu, mama."

Hakumgombeza. Aliketi akachambua maharage, akachambua hata yaliyokwisha kuchambuliwa.

Basi ukaja mwaka ambao kijito kilipungua, mahindi ya kiangazi yakaanza kujikunja majani kabla ya saa nne asubuhi. Mbonea, mwenyekiti wa kamati ya maji, akapuliza baragumu la msaragambo, yaani kazi ya wote. Ndiva ijengwe upya. Mbonea alikuwa mtu mwema mwenye jino bovu, na hakupenda kuamua jambo lolote kabla ya kula, na kwa sababu ya jino alikula kwa taabu.

Kazi ilianza siku ya mwisho ya Juni, ikachukua miezi miwili na siku kumi na moja. Watu wote walibeba, lakini wengi walikuja siku zao wakaondoka. Watatu walibaki kila siku.

Senkondo alijenga ukuta. Urefu wake hatua arobaini na moja, upana wa chini mikono minne, wa juu mikono miwili. Mawe yalibebwa kutoka korongoni, na yeye alikataa moja katika kila matatu. "Hili lina kiburi," alisema, au, "Hili litalala, lakini halitakaa." Hakuna aliyejua tofauti, ila lililokataliwa lilirudishwa. Wiki ya tano jiwe lilimponda kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ukucha ukatoka. Alikifunga kwa jani la mgomba akaendelea. Siku alipoweka jiwe la mwisho aliketi juu yake, akashindwa kusimama mpaka jioni. Bila mawe yale, udongo wowote ungeporomoka kama uji.

Namkunda alikandika. Aliuma udongo wa sehemu kumi na tisa kabla ya kupata aina tatu za kuchanganya: wa kichuguu, wa kinamasi, na mwekundu wa nyuma ya shule. Aliukanyaga kwa miguu siku ishirini na sita, akaupaka ukuta upande wa maji, unene wa kiganja kilichosimama. Kisha ikaja desturi ambayo wengi huikata kwa haraka: ukuta uachwe juani siku tisa upasuke, na kila ufa uzibwe tena kwa kidole gumba, siyo kwa mwiko, kwa sababu mwiko hufunika na kidole huingia. Nyufa zilikuwa mia nne na kumi na tatu. Alizihesabu ili asirudie. Ngozi ya gumba ilipokwisha alitumia la pili. Bila udongo ule, mawe yangevuja kama tenga.

Naye Bibi Nakijwa alilinda. Ndiva mpya haijazwi mara moja. Hujazwa magotini, ikakaa, kiunoni, ikakaa, kifuani, ikakaa, ndipo ukingoni. Bibi Nakijwa aliketi chini ya ukuta na kibuyu kilichokatwa, akikinga matone yanayojipenyeza kati ya mawe. Kila ukuta hutokwa jasho kidogo, hilo halina neno. Yeye alitazama rangi. Asubuhi hadi jioni, siku tano, mgongo umejikunja, mjukuu akimletea uji naye akiunusa kwanza. Siku ya sita, maji yakiwa kifuani, watu wote wamekwenda kula, tone kwenye kibuyu likaja na wingu.

"Fungueni!" alipiga kelele. "Maji yamechafuka! Fungueni!"

"Bibi, si tope tu la—" alianza Mrutu, kijana wa maneno mengi.

"Mrutu, maji safi yanayovuja ni jasho. Maji yenye tope yanakula ukuta. Chomoa kizibo au nikuchomoe wewe!"

Wakachomoa. Maji yalipopungua walikuta shimo la fuko, limepita ndani ya ukuta urefu wa mikono miwili, limebakiza kiganja kimoja kutokeza upande wa pili. Fuko mwenyewe hakuwepo, alikuwa amekimbia kazi yake. Shimo likajazwa kwa mawe ya Senkondo na udongo wa Namkunda, wakaanza upya kutoka magotini. Bila jicho lile, kabla ya saa tisa mchana ule pasingekuwa na ndiva ya kuulizia jina.

Hapo mnaona tulipofika. Kuchomoa kwa hatari hakuhesabiwi. Kizibo kinapochomolewa mara ya kwanza kwa ajili ya mashamba, jina hutajwa kwanza, kwa sauti, na mwenyekiti. Likishatajwa halibadilishwi.

Siku hiyo iliwadia Alhamisi. Maji yalikuwa yamebakiza shibiri moja kufika ukingoni, na kijito kiliendelea kumimina bila kujali mkutano wa mtu. Watu walisimama mtaroni na majembe. Huko chini mahindi yao yalikuwa yamejikunja kama masikio ya punda.

"Watatu wasogee," alisema Mbonea, mkono shavuni. "Kila mmoja aseme kwa nini. Kwa kifupi, ndugu zangu."

Senkondo alisema bila kuinua macho. "Mimi sina mtoto. Nikifa, nani atataja jina langu? Mawe haya yatasimama miaka mia. Kitu imara ni kile kisichosogea. Ningependa kubaki nacho."

Namkunda alisema, "Mimi nikipewa, sitaiita Namkunda. Desturi inaruhusu mtu kumpa mzazi au babu yake. Nitaiita Mavura."

Kicheko kikapanda kutoka mtaroni.

"Ndiva ya Mavura!" alisema Mrutu. "Mama Kajiru, wageni wakiulizia njia tutawaambia piteni chini ya ukuta wa Mavura? Si watarudi kwao mbio!"

Hata Mbonea alicheka, akajuta kwa sababu ya jino. Namkunda alitazama miguu yake. Nyayo zilikuwa bado nyekundu, udongo umeingia ndani ya mipasuko na hautoki kwa kusugua. Alishangaa kuona kwamba hana hasira. Alitaka kulala tu. Alitaka kulala mahali ambapo hakuna anayelijua jina lolote.

"Nyamazeni," alisema Senkondo.

Kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kunyamazisha watu, wakanyamaza.

"Nilichosema hakijakamilika. Safu tatu za chini si zangu. Nilizikuta. Niliingiza mtaimbo niziong'oe, zikakataa. Nikaleta mtaimbo wa pili na wanaume wanne, zikakataa. Nikapiga magoti nikatazama, sikuona kosa hata moja. Nikajenga juu yake. Ni za Mavura zile. Nimekaa na jambo hilo moyoni miezi miwili kwa sababu nalitaka jina." Alionyesha ukingo kwa kidole. "Ukuta ule haukupasukia chini. Ulipasukia juu. Maji yaliuvuka, yakaukata kutoka kichwani. Ukuta haupasuki hivyo kwa ubovu. Hupasuka hivyo kama kizibo hakikufunguliwa."

Namkunda akashika jembe la mtu wa jirani.

"Sasa nani hakufungua?" aliuliza Mbonea, na mara akaonekana kutamani asingeuliza.

Bibi Nakijwa alikuwa ameketi juu ya jiwe lililokataliwa. Alikitikisa kibuyu chake kitupu kana kwamba ndani kuna kitu.

"Ndiva ile ilikuwa na majina mawili," alisema. "Mmesahau, au hamkuzaliwa. Mavura na marehemu mume wangu, Sekiete. Watunza kizibo wawili. Walipokezana. Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Sekiete. Aliamka, akaniambia, nadhani ni zamu ya Mavura. Mimi nilijua siyo. Nilikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, nimekesha siku mbili, nikasema tu, haya. Haya! Neno moja. Akarudi kulala."

"Bibi," alisema Namkunda.

"Ukuta ulipokwenda, watu walimlaumu aliyeujenga, si mwenye zamu. Sekiete alinyamaza. Nami nikanyamaza, miaka thelathini na sita. Mnaniona ninavyotikisa mayai? Mnadhani nilizaliwa hivi? Na lile sharti la jina moja, nani alilileta kwenye kamati? Ni mimi."

"Sasa unajitoa?" aliuliza Mbonea kwa matumaini. Wawili ni rahisi kuliko watatu.

"Nani kasema ninajitoa? Nalitaka jina kuliko wote. Nikilipewa, nyumba yangu itafungua kizibo kile kila asubuhi mpaka mjukuu wa mjukuu wangu, hata kama wanaumwa, hata kama wamekesha. Mnasema imara ni jiwe. Mimi nasema jiwe lililojengwa vizuri nimeliona likienda na maji. Imara ni kile chenye mtu wa kukitazama."

"Na wewe, Namkunda?" Mbonea aliuliza taratibu. "Imara ni nini kwako?"

Namkunda alifikiri. Watu walingoja, ingawa maji hayakungoja.

"Ni kile kilichopasuka mbele ya watu," alisema, "kikazibwa ufa mmoja mmoja, hadi mwisho, na aliyeziba hakusema haya."

Bibi Nakijwa aliinamisha kichwa.

"Lakini babu yako amekwisha kusafishwa," alisema Mrutu, safari hii bila dhihaka. "Sote tumesikia. Jina la nini tena?"

"Mmesikia leo," alisema Namkunda. "Kesho kiti kitavunjika. Mtasemaje, Mrutu? Ulimi wako una njia yake miaka yote hii. Utakumbuka kwanza kusimama, ufikirie mkutano wa Alhamisi?"

Mrutu alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa kijana mkweli, kwa bahati mbaya yake.

Namkunda alimwona Kajiru amesimama nyuma ya wengine, kanga imefungwa kifuani, macho hayamtazami mama bali ukuta. Hapo likamjia wazo alilolichukia. Kama jina litatolewa kwa sababu ya kumhurumia, litakuwa kama chungu kilichopakwa rangi juu ya ufa. Litalia vizuri siku moja. Na je, kati ya siku zile ishirini na sita, ni ngapi alikanyaga udongo kwa ajili ya maji, na ngapi kwa ajili ya Mavura? Hakujua. Alijua tu kwamba udongo haukuonyesha tofauti.

Akamtazama Senkondo, aliyeweza kuficha safu tatu akashindwa. Akamtazama Bibi Nakijwa, aliyeweza kufa na siri yake akashindwa. Angetaka kuwachukia, maana ingekuwa rahisi zaidi kudai. Hata hilo lilimshinda kwa uchovu.

"Tuiite kwa majina matatu," alisema mtu mtaroni.

"Hapana!" walisema watatu kwa pamoja, na ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Mbonea aliweka baragumu chini. Alimtazama mmoja, wa pili, wa tatu, akaanza tena kwa wa kwanza. Maji yalikuwa yamebakiza vidole vinne. Kijito cha Lembondo hujaza kidole kimoja kwa muda wa kupika chai. Ukuta ukivukwa, mnajua sasa utakatwa wapi, na safari hii itakuwa kwa sababu mwenyekiti alishindwa kusema neno moja.

Wale watatu walikwishashika mti wa kizibo, maana ni mzito: mkono wenye kidole kisicho na ukucha, mikono yenye magumba yaliyokwisha ngozi, na mkono wa kizee uliotangulia kuubonyeza mti kama una ufa. Wanangoja jina ndipo wavute.

Nami hapa ndipo ninapoishia, kwa sababu mwenyekiti huyo amenigeukia mimi, nami nawageukia ninyi. Bila Senkondo pasingekuwa na ukuta. Bila Namkunda pasingekuwa na maji ndani yake. Bila Nakijwa pasingekuwa na vyote viwili, na bila yeye huyo huyo ndiva ile ya kwanza isingepasuka. Na chini ya yote kuna safu tatu za marehemu asiyeweza kujisemea. Jina ni moja. Litakalotajwa, watoto wa Lembondo watalisema kwa kila kitu kinachostahimili, kiti, ahadi, ndoa, hata wakimsahau aliyekuwa nalo.

Haya, aliyekuwa akisinzia ainue kichwa. Maji yamebakiza vidole vitatu sasa. Wewe ungetaja jina la nani?